Mjadala: Je, sumu ya nyoka wetu iende maabara za nje kabla seramu haijafika zahanati?

Mleta mada (Arusha)

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili hili bila jazba: je, turuhusu sumu ya koboko, swila na kifutu wa nchi hii isafirishwe kwenda kwa watafiti wa nje wanaosaka peptidi zenye uwezo wa kuingia ndani ya seli hai, au tuizuie mpaka seramu ya nyoka, yaani dawa ya kuzima sumu mwilini mwa aliyeumwa, ipatikane bila kuhangaika katika zahanati za Monduli, Longido na Simanjiro? Mimi nasema tuizuie.

Kwa asiyeifuatilia sayansi hii, dawa nyingi zenye nguvu hushindwa kuupita utando wa seli. Mwaka 1988 ilibainika kwamba Tat, protini ya virusi vya UKIMWI, hujipenyeza yenyewe ndani ya seli, na tangu hapo vikatafutwa vipande vingine vifupi vya protini, yaani peptidi, vinavyoweza kubeba dawa mgongoni. Sumu za wanyama zimegeuka ghala la msako huo. Krotamini, inayotoka kwa nyoka wa Amerika Kusini mwenye njuga mkiani, ina asidi amino 42 tu, yaani vijenzi 42 vya protini, na watafiti wa Brazil walionyesha mwaka 2004 kwamba hupendelea kuingia katika seli zinazogawanyika. Hapo ndipo watu wa saratani walipotega sikio. Maurokalsini ya nge ina asidi amino 33, nayo haina budi kuingia ndani, kwa sababu mlango wa kalsiamu inaoulenga umo ndani ya seli.

Hofu yangu imetokana na kaptoprili, dawa ya presha ambayo wazee wengi wameimeza. Chanzo chake ni sumu ya jararaka, nyoka wa Brazil, iliyochunguzwa na Sérgio Ferreira katika miaka ya 1960, lakini kidonge chenyewe kilibuniwa na kampuni ya Marekani na kuidhinishwa huko mwaka 1981. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Sioni kwa nini wanaoumwa watoe sumu, kisha wanunue dawa.

Mchangiaji wa Moshi

Ndugu mleta mada, uchungu wako naupokea, ila zuio unalolitaka litamuumiza yuleyule unayemtetea. Seramu hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itoe kingamwili, na sumu hiyo ni lazima itoke kwa nyoka wa ukanda wa mgonjwa, kwa kuwa seramu iliyotokana na swila wa India haiaminiki mbele ya swila wa Simanjiro. Watengenezaji wako nje ya nchi. Ukifunga mpaka, umewafungia na wao. Tulishaona mwaka 2014, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza Fav-Afrique, seramu ya nyoka wa Afrika, ilipoacha kuizalisha kwa sababu haikuwa na faida. Shehena ya mwisho ilipitwa na muda mwaka 2016, na pengo lake halikuzibwa kwa maneno.

La pili ni zito zaidi. Peptidi ya asidi amino 42 haihitaji nyoka. Sumu ikishakamuliwa mara moja na mfuatano wake, yaani mpangilio wa asidi amino zake, ukasomwa na kuchapishwa, maabara yoyote yenye mashine huiunda upya kwa kemikali, asidi moja baada ya nyingine, bila kuuona hata mkia wa koboko. Wewe unailinda chupa wakati mali imekwishahamia kwenye maandishi.

Tena tusiikuze sayansi hii kupita kiasi. Peptidi hizi zina chaji chanya, kwa hiyo hunasa kwenye sukari zenye chaji hasi zilizo juu ya seli, kisha utando hujikunja na kuzimeza ndani ya kifuko. Shida huanzia hapo, maana sehemu kubwa ya mzigo hubaki imefungiwa kifukoni na kumeng'enywa kabla haujafika panapotakiwa. Melitini ya nyuki, yenye asidi amino 26, hutoka kwa kuutoboa utando, lakini hutoboa pia chembe nyekundu za damu, na dawa ya namna hiyo hakuna daktari atakayeiandika.

Mchangiaji wa Simanjiro

Nyinyi wasomi mnabishana kuhusu chupa na maandishi. Mimi nauliza mwenye nyoka ni nani. Anayeng'atwa na kifutu akirudisha ndama bomani jioni hutafutiwa pikipiki, na wengi wetu tukivuka Makuyuni tunaelekea Meserani, kwenye kliniki iliyo kando ya nyoka wa maonyesho, kwa kuwa jirani hakuna kitu. Mkiandika mikataba, kijiji kitatajwa ukurasa wa ngapi?

Mleta mada (Arusha)

Swali la ndugu wa Simanjiro ndilo linalonibakiza kwenye msimamo wangu, ingawa nitaupunguza upana: sumu ya kudungia farasi ipite, kwa sharti kwamba mtengenezaji atuuzie seramu kwa bei iliyoandikwa kabla chupa haijaondoka. Sumu ya utafiti wa peptidi isubiri. Kuhusu maandishi, mkutano wa bioanuwai wa Cali, Kolombia, wa mwaka 2024 ulikubali uundwe mfuko wa kupokea michango ya kampuni zinazonufaika na mifuatano ya jeni, lakini mchango ni wa hiari, na hiari ya kampuni ya dawa naijua.

Mchangiaji wa Moshi

Basi isisubiri, isomwe hapa. Sumu iliyokaushwa inatunzika miaka mingi, na Tengeru kuna taasisi ya sayansi inayobeba jina la Nelson Mandela. Mfuatano ukisomwa na Mtanzania na hataza, yaani haki ya umiliki wa ugunduzi, ikaombwa kabla ya kuchapishwa, tutakuwa na kitu cha kuuza badala ya kitu cha kuzuia, na hapo kijiji cha Simanjiro kinaweza kuandikwa ukurasa wa kwanza kama mtoa sampuli. Nani atalipia mashine na wataalamu wa kuiendesha ndilo jambo ambalo ningependa wachangiaji wanaofuata walijibu.