Bwawa la shambani: mitumbwi na kuogelea, au kuvua kwa ndoano tu? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

MkulimaChamwino
Wakuu, habari za jioni. Nimenunua shamba huku Chamwino, lina bwawa la udongo alilochimba mwenyewe aliyeniuzia. Kila wikiendi watu wa mjini wanakuja kuulizia sehemu ya kupumzika. Nina njia mbili. Ya kwanza, ninunue mitumbwi miwili ya faiba na nitenge sehemu ya watoto kuogelea. Ya pili, watu wavue kwa ndoano wakiwa ukingoni, na vibanda vya nyasi na nyama choma. Fundi wa mitumbwi anataka malipo ya awali Ijumaa. Nichukue ipi?

FundiTuta
Mkuu, hapo hakuna cha kushauri bado. Tuta lina kimo gani? Utoro wa maji, yaani njia ya kumwaga maji yanayozidi, uko upande gani na una upana gani? Chini ya bwawa kuna mashamba au nyumba? Kibali cha bodi ya maji ya bonde kipo?

MamaZabibu
Ndoano, kaka yangu. Maji yaliyotulia yenye magugu na konokono yana kichocho, na watoto ndio wanaokaa majini muda mrefu. Wangu wawili walikojoa damu baada ya likizo moja tu ya kuchezea lambo la kijijini.

KambareDume
Pesa iko kwenye mitumbwi. Nyama choma kila kona ya Dodoma ipo. Kichocho kina dawa, na ukifuga bata konokono wanapungua.

MamaZabibu
Dawa inaua minyoo iliyomo mwilini leo. Mtoto akirudi majini kesho anaambukizwa upya. Na hao bata hawafiki kila penye magugu.

MkulimaChamwino
Samahani kwa kuchelewa. Tuta kwenda juu ni kama mita 5, urefu hatua 80. Juu yake kuna migunga mikubwa yenye kivuli kizuri, nilitaka viti vikae pale. Utoro upo, mwenyewe alifunga wavu mdomoni ili samaki wasitoroke. Chini kuna kaya nne. Kibali sikuonyeshwa.

MzeeWaMpwapwa
Mwanangu, nimesoma habari ya wavu nikaacha chakula. Niruhusu niandike kirefu.

Marehemu baba alikuwa na lambo dogo kuliko lako. Tulipanda kambare. Kila utoro ukimwaga, samaki walikuwa wanaishia korongoni na majirani wanaokota. Tukafunga wavu, tukaukaza kwa nguzo. Usiku mmoja wa Januari mvua ikapiga milimani, kwetu hata tone. Saa tisa nikasikia mlio kama lori linamwaga kokoto. Nilipofika na tochi, wavu umejaa vijiti, mabua ya mtama na samadi, umekuwa ukuta. Maji yamekosa njia, yanapita juu ya tuta pale ng'ombe walipozoea kukanyaga pakabonyea. Mwanzoni mkondo ulikuwa upana wa kiganja. Nikashika panga niingie kukata wavu, kaka yangu akanivuta kwa kola ya shati. Kulipokucha tuta halikuwepo katikati. Uwele wa jirani ulikwenda wote, na mbuzi kumi na mmoja. Watu walipona kwa sababu mama alikimbia gizani akipiga yowe nyumba hadi nyumba. Baba alilipa wale mbuzi kwa miaka miwili.

Toa huo wavu leo. Usingoje Jumamosi.

FundiTuta
Asante mzee. Mkuu, Solai kule Nakuru, Mei 2018, lilikuwa bwawa la udongo la mtu binafsi vilevile. Lilipasuka usiku, likaua watu wasiopungua 47. Kaya nne zako zizingatie kabla ya mitumbwi. Dodoma mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600, lakini inashuka kwa mapigo machache. Korongo kavu tangu Mei linajaa kwa saa moja.

Tembea kwenye kitako cha tuta, upande wa nje kule chini. Ukikuta maji yanachuruzika, kinga kwenye glasi. Yakiwa maangavu, weka alama uyafuatilie kila wiki. Yakiwa na tope, tuta linaliwa ndani: watu wa chini wahame, umwite mhandisi siku hiyohiyo. Na migunga haifai pale.

KambareDume
Hapo sikubali. Miti inashika udongo, ndiyo maana tunapanda kwenye makorongo.

FundiTuta
Kwenye korongo, sawa. Ndani ya tuta mzizi ukifa unaoza, unaacha bomba. Panda ukoka. Lakini asikimbilie kung'oa visiki bwawa likiwa limejaa, mhandisi atazame kwanza.

Kinyasungwe
Kibali: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ni ya 2009. Maji yako yakishukia mto Kinyasungwe, nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Yakielekea Bahi ni Bonde la Kati. Yanayokwenda Mtera ni Rufiji.

Tena hujasema kina. Ndani ya bwawa mara nyingi kuna shimo walilochota udongo wa tuta. Mtoto anatembea maji ya kiunoni, hatua inayofuata hakuna chini.

KambareDume
Jaketi okozi zipo kwa kazi hiyo. Mkuu, samaki ni kambare au perege?

MamaZabibu
Mimi nafuga perege. Na vifaranga bora vya dume tupu mnapata wapi? Wangu wamezaana hadi wamedumaa.

KambareDume
Dada, changanya kambare wachache, watakula hivyo vidogo. Ila hao kambare waingize baada ya perege kukua.

MkulimaChamwino
Wavu nimeukata asubuhi hii, shikamoo mzee. Chini ya tuta nimekuta majani mabichi upana wa mkeka, pembeni pote pamekauka. Nimefukua kidogo, maji yakajaa kwenye unyayo wangu. Glasini yanaonekana maangavu, ila chini imebaki chengachenga kidogo ya udongo. FundiTuta, hiyo nihesabu ni tope?

MamaZabibu
Kambare wachache ni wangapi kwa perege mia tano?