Sindano kali za antibayotiki: saini ya bingwa itangulie dozi au ifuate?

Ndugu zangu wa Mwanza, naleta hoja hii baada ya kumuuguza mdogo wangu wiki tatu katika hospitali moja ya hapa jijini, ambayo jina lake nalihifadhi. Usiku wa kwanza alianzishiwa seftriaksoni, antibayotiki ya sindano. Siku ya tatu, homa ikiwa palepale, niliandikiwa karatasi nikatafute nyingine, meropenemu, gramu moja kila baada ya saa nane. Nilirudi na vichupa vitatu vya siku hiyo katika bahasha ya kaki. Damu ilikuwa haijapelekwa kuoteshwa maabara ili ijulikane ina bakteria gani. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mpaka leo hatujui alikuwa anaumwa nini.

Wapo wanaotaka dawa hizi zisiguswe mpaka daktari bingwa atie saini, na hofu yao ina msingi. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki katika makundi matatu, na hizo mbili zimo katika kundi la uangalizi kwa sababu vimelea vinaweza kuzizoea upesi. Baada ya hapo ni kundi la akiba, lenye dawa kama kolistini. Bakteria kama Klebsiela akishatengeneza vimeng'enya vya kuivunja seftriaksoni, daktari hukimbilia meropenemu, na hiyo ikishindwa, kabatini hubaki dawa chache mno.

Hata hivyo sikubali saini itangulie dozi. Kichanga cha siku mbili kilichovushwa kwa kivuko kutoka Ukerewe, kimelegea na hakinyonyi, hakiwezi kumngoja bingwa mpaka asubuhi. Kitolewe damu, hata mililita moja tu kwenye chupa ya kuoteshea, kisha kianzishiwe ampisilini na jentamisini papo hapo. Kibali cha bingwa cha kuendelea na dawa kidaiwe saa 48 baadaye.

*Muuguzi wa wodi:*

Dada, nakuunga mkono nusu. Wagonjwa wengi kutoka mialoni hutufikia wakiwa wameshameza amoksilini au sipro za dukani kwa siku mbili, wakaacha homa ilipopungua. Damu ya mtu kama huyo inaweza isioteshe kitu ingawa vijidudu vimo. Saa 48 zikifika na jibu likasema "hakuna kilichoota", utamkatia dawa mtu ambaye bado anatetemeka? Na siku ambayo chupa za kuoteshea zimeisha stoo, tufanyeje?

*Mleta hoja:*

Kaka, sitamkatia kwa karatasi peke yake. Bingwa aje kitandani, amwone, aandike katika faili kwa nini dawa inaendelea au inabadilishwa. Ninachokipinga ni sindano inayofika siku ya kumi na nne kwa kuwa tu hakuna aliyekumbuka kuisimamisha. Chupa zikiisha, dozi itolewe vilevile, ila upungufu huo nao uandikwe, maana stoo isiyodaiwa haijazwi. Je, kwenye faili za wodi yenu ipo nafasi ya kuandika tarehe ya kuikagua dawa upya?

*Muuguzi wa wodi:*

Haipo. Ipo ya kuanza tu.