Naomba ushauri: binti yangu ana kisukari, mkojo umeonyesha albumini

Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 16, ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 9, anachoma insulini. Miguu haijavimba, mkojo hauna povu, na kipimo cha kijiti hakikuonyesha protini. Lakini uwiano wa albumini (aina ya protini) na kreatinini (taka ya mwili inayochujwa na figo) kwenye mkojo umetoka 48 mg/g, kawaida ni chini ya 30. Kreatinini ya damu na presha viko sawa.

Daktari anasema kipimo kimoja hakitoshi, kirudiwe kwa mkojo wa asubuhi, maana homa, hedhi, UTI au mazoezi makali vinaweza kuipandisha. Na kweli, jana yake alicheza netiboli mechi nzima.

Mliopitia hili na vijana wenu: mlirudia vipimo kwanza, au mlianzishiwa vidonge vya kulinda figo kama enalapril? Na HbA1c yake (kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu) ni 9.8%, mlimsaidiaje kijana wa umri huu kuishusha bila ugomvi kila siku? Ndugu wananisukuma nimpe mitishamba. Sitaki kabisa, naogopa itamalizia figo zake. Tafadhali, hata madaktari naomba mnisaidie.