MJADALA: Alama za TP azitoe nani, mhadhiri anayepita au mwalimu aliyekaa na mwanachuo wiki nane?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila mwaka kati ya Julai na Septemba shule zetu hupokea wanachuo wa ualimu wanaokuja kwenye mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita wenyewe. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata mkoani Morogoro, nafundisha Fizikia na Hisabati, na wanachuo wa masomo hayo hukabidhiwa kwangu. Hoja yangu ni hii: nusu ya alama za TP itolewe na mwalimu mwenyeji wa somo, yaani yule ambaye mwanachuo amechukua vipindi vyake, na chuo kimlipe kwa kazi hiyo. Leo hii alama karibu zote ziko kwa mhadhiri anayekuja mara mbili, anakaa nyuma ya darasa kipindi kimoja au viwili vilivyounganishwa, kisha anawahi shule inayofuata.

Siku ya kukaguliwa inajulikana mapema. Wanachuo wana kundi lao la WhatsApp. Gari la chuo likionekana Kilosa mjini, walioko Kimamba wameshapata habari. Andalio la somo linaandikwa upya, manila inachorwa usiku, na somo litakalofundishwa mara nyingi ni lile ambalo darasa lilishafundishwa juzi, kwa hiyo watoto wanajibu swali kabla halijaisha. Halafu, kwa kuwa lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, siku hiyo ni Kiingereza kitupu tangu salamu hadi kazi ya nyumbani, hata kwa kidato cha kwanza ambao mwaka jana walikuwa darasa la saba wakisoma karibu kila kitu kwa Kiswahili. Nusu ya darasa inanyamaza. Mkaguzi hana namna ya kujua kwamba ukimya ule si wa kila siku.

Niwape mfano wa kile asichokiona. Alikuja kwetu binti wa Fizikia. Wiki ya kwanza alikuwa akisoma nukuu zake huku akilipa darasa kisogo. Tukakaa naye, tukapunguza maandishi ubaoni, tukapanga maswali. Wiki ya sita akafika kwenye kanuni ya Archimedes, na mizani za springi za maabara yetu zimelegea hazifai. Alinunua dukani mipira ile ya kufungia noti, akaning'iniza jiwe kwenye mpira mmoja, mwanafunzi akapima urefu wa mpira kwa rula. Kisha jiwe likazamishwa kwenye ndoo ya maji, mpira ukafupika kila mtu akiona. Akauliza, uzito uliopungua umebebwa na nani? Akawaacha wabishane kwa Kiswahili mpaka mtoto mmoja wa nyuma akasema maji ndiyo yanayosukuma jiwe juu. Hapo ndipo alipowaandikia istilahi za Kiingereza watakazokutana nazo kwenye mtihani. Mhadhiri alikuwa ameshapita wiki mbili kabla. Alama aliyoondoka nayo binti yule ni ya jinsi alivyokuwa mwanzoni, alipokuwa bado anaogopa darasa.

Shule nazo zina lawama, nakubali. Muhula wa pili ni wa mitihani ya majaribio, maandalizi ya upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa taifa wa kidato cha nne, kwa hiyo mwanachuo anasukumiwa kidato cha kwanza na cha tatu, na wapo wenzetu wanaomkabidhi vipindi vyote halafu hawaonekani tena darasani. Kuna fomu ya mkuu wa shule, inajazwa siku ya mwisho na kutiwa kwenye bahasha. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyopangwa. Mhadhiri ana posho ya safari. Mwanachuo mwenye mkopo ana fedha ya mafunzo kwa vitendo, ambayo miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikiitaja kuwa Sh 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, yaani Sh 560,000. Mwenyeji hana posho, hana barua ya uteuzi, hana alama ya kutoa. Mtu usipompa wajibu wala haki, kwa nini ushangae akikaa pembeni?

Napendekeza vyuo viwe na shule chache za kudumu, zilizo karibu, kwa mkataba. DUCE iko Chang'ombe na MUCE iko Iringa, vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyote vilianzishwa 2005 kwa kazi hiyo hiyo ya kuandaa walimu. Wenyeji waitwe siku mbili kabla ya msimu, wapitishwe kwenye fomu ya tathmini, wajue B inatofautianaje na B+. Karibuni.

Mwanachuo, mwaka wa tatu

Mwalimu, shikamoo. Nakuheshimu sana kwa jinsi ulivyomlea huyo dada wa Archimedes, lakini wenyeji si wote kama wewe. Shule niliyopangiwa mwaka wa kwanza nilipewa zamu wiki mbili mfululizo, nikasahihisha mitihani ya mikondo minne isiyo yangu, na mwalimu wangu wa somo alinielekeza kwa simu. Hayo niliyavumilia.

Nisichoweza kuvumilia ni kumpa mtu wa namna hiyo nusu ya alama zangu. Sisi mabinti tunapelekwa wilaya tusizozijua, tunapanga chumba kwa jirani wa shule, na wapo walimu wanaoanza kutupigia simu usiku wiki ya kwanza tu. Leo naweza kukata simu kwa sababu hana cha kunifanya. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, lakini nikiwa peke yangu kilomita 40 kutoka makao makuu ya wilaya, nitamwambia nani? Wahadhiri nao wana lawama hizo hizo, najua. Hiyo si sababu ya kuongeza watu wa kunishikia alama.

Mhadhiri wa elimu

Nimekuwa nikizunguka kanda mbalimbali kukagua TP kwa miaka mingi, na mengi ya mleta mada ni kweli. Niongeze hata moja ambalo hakulitaja: ndani ya gari tunakuwa wanne, na mtu wa Historia anajikuta anakagua kipindi cha Kemia kwa sababu ndiye aliye karibu na shule hiyo. Anaweza kuona mpangilio wa somo na sauti ya mwalimu. Mlinganyo uliokosewa ubaoni unampita.

Lakini zipo shule zisizo na mwalimu hata mmoja wa Fizikia. Mwanachuo akifika, yeye ndiye mwalimu wa Fizikia. Nusu ya alama hapo ataitoa nani, mwalimu wa taaluma anayefundisha Jiografia? La pili, zile fomu za wakuu wa shule nazisoma. Karibu zote ni A. Mwalimu amekaa na kijana wiki nane, wamekula pamoja, kijana amemsaidia kazi, hawezi kumpa C. Ni ubinadamu, wala simlaumu, ila chuo hakiwezi kutofautisha wanafunzi kwa alama za huruma.

Wenzetu wa Uingereza walianza safari hii zamani. Oxford waliingia ubia na shule za wilayani kwao mwaka 1987, na tangu 1992 wanaosomea ualimu wa sekondari England hutakiwa kukaa shuleni theluthi mbili ya mwaka wao wa mafunzo. Walimu wa shule walipewa mamlaka ya kweli, ila na sehemu ya fedha za mafunzo ilihama kutoka chuoni kwenda shuleni. Ninyi mnaodai alama, daini kwanza hilo la fedha. Likikubaliwa, mengine yatazungumzika.

Mkuu wa shule, Kigoma

Nyote mnaongea kana kwamba TP ni ya chuo na mwanachuo tu. Kuna mtoto katikati. Shule yangu ina mwalimu mmoja wa Hisabati kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu ada ilipofutwa sekondari ya kawaida mwaka 2016 madarasa yamejaa kweli kweli. Akija mwanachuo wa Hisabati, kidato cha pili wanapata wiki nane za mtu anayeingia darasani kila kipindi. Kwetu hizo wiki nane zina thamani kubwa.

Mleta mada anataka shule chache zilizo karibu na vyuo. Maana yake Iringa mjini na Dar es Salaam watapokea wanachuo kumi kumi, na sisi wa pembezoni tubaki tunasubiri ajira mpya za TAMISEMI. Tayari vijana wengi wanaomba shule zilizo karibu na nyumbani kwao au mjini, wakwepe kupanga chumba. Huo mkataba wenu utatumaliza.

Mleta mada

Dada, Mkuu na Mhadhiri, nimewasoma vizuri.

Mkuu, hili lako ndilo gumu kuliko yote, na sitaki kulipita juu juu. Mwanachuo akiondoka Septemba, kidato cha pili chako kinabaki na nini? Mada zimefundishwa nusu, na mtihani wa upimaji uko mlangoni. Tukikubali kwamba TP ni dawa ya uhaba wa walimu, serikali inapata sababu ya kuchelewesha ajira, na mwanafunzi anayejifunza kazi anageuzwa mtumishi asiye na mshahara. Shule yenye mwalimu mmoja wa Hisabati inastahili mwalimu wa pili aliyeajiriwa. Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba neno "karibu" nililolitumia linaumiza. Tuseme shule za kudumu, popote zilipo, mradi ziwe na mwenyeji wa somo. Chuo kikiwa na shule tano Kigoma mwaka hadi mwaka, kinaweza kuzihudumia.

Mhadhiri, kuhusu A za huruma: fomu ile inayojazwa siku ya mwisho haiwezi kuzaa kitu kingine. Mwenyeji akitakiwa kujaza ukurasa mmoja kila wiki, akiambatanisha andalio lililosahihishwa na kuandika kilichobadilika tangu wiki iliyopita, utaona mwenyewe kama A imestahili.

Dada, jibu lako nalitafuta bado. Naomba wengine wasaidie.

Mwalimu mstaafu, zao la UPE

Wanangu, niwape historia kidogo. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 nchi ilitaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, ndiyo hiyo UPE, elimu ya msingi kwa wote, na walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, nikiwemo mimi. Kwa miaka mitatu tulifundishwa kazi hapo hapo kwenye shule za vijiji: asubuhi tunafundisha, mchana tunasoma, kwa masomo ya posta na ya redio, na mkufunzi alikuja kwa zamu. Chuoni tulikwenda mwishoni kwa muda mfupi.

Watu wanatubeza hadi leo kwamba elimu yetu ilikuwa ndogo, na kweli ilikuwa ndogo. Lakini aliyenifanya niwe mwalimu ni mwalimu wa darasa la pili aliyekaa nami meza moja, akinionyesha namna ya kumshikisha mtoto kalamu. Mkufunzi nilimwogopa tu. Nakubaliana na mleta mada kuhusu nani anafundisha kazi. Kuhusu nani atoe alama, namsikiliza huyu binti, maana enzi zetu nako mambo hayo yalikuwepo na hayakusemwa.

Mchangiaji kutoka Kenya

Habari zenu. Huku tayari tumeyaona anayoyaogopa mleta mada, ingawa kwetu yaliwakuta waliokwisha kuhitimu. TSC, tume yetu ya kuajiri walimu, iliwaajiri walimu wa sekondari kama wanagenzi, yaani wa kujifunza kazi, kwa posho ya Sh 20,000 za Kenya kwa mwezi, wakibeba mzigo sawa na walimu kamili. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikaamua kwamba TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi, na mwezi uliofuata wale wa sekondari ya chini walikuwa barabarani wakigoma. Mkiandika mkataba wa TP, wekeni idadi ya juu ya vipindi humo ndani. Shule haitajizuia yenyewe.

Mwanachuo, mwaka wa tatu

Shikamoo babu, na asante kwa kulisema wazi.

Mwalimu, umesema unatafuta jibu. Mimi ningekubali mwenyeji awe na sehemu ya alama, si nusu, tuseme theluthi, kwa masharti haya. Wenyeji wawe wawili kwa kila mwanachuo, na ukurasa wa wiki usainiwe na wote. Mimi pia nijaze ukurasa wangu kuhusu wao, uende moja kwa moja chuoni bila kupitia ofisi ya mkuu wa shule. Chuo kiwe na mtu mmoja, mwanamke, mwenye mamlaka ya kunihamisha shule ndani ya siku tatu bila alama zangu kuguswa. Vipindi visizidi 16 kwa wiki. Shule iliyolalamikiwa na wanachuo wawili iondolewe kwenye mkataba.

Mhadhiri wa elimu

Hilo la kuhamisha kwa siku tatu linawezekana hata msimu ujao, halihitaji fedha wala kikao cha seneti, linahitaji barua ya mkuu wa kitivo. Nitalipeleka kwenye kikao cha idara pamoja na ukurasa wa wiki. Theluthi ya alama itapingwa sana. Mleta mada, niandalie huo ukurasa jinsi unavyouona wewe, na mwandikie humo binti wa Archimedes wiki ya kwanza na ya sita, bila jina lake, ili wenzangu waone tunachokosa.