Naomba ushauri: ndege yangu ya kivita ya kubuni inanyanyua pua wakati wa kutua

Wakuu, habari za majukumu. Niko Mtwara, natengeneza ndege ya kivita ya kubuni kwa ajili ya FlightGear, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege. Nimeiita Kipanga. Umbo nimechora kwenye Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, na mruko unaendeshwa na JSBSim, programu inayokokotoa jinsi ndege inavyoruka.

Nataka iweze kutua kwenye viwanja vifupi kama Kikwetu kule Lindi, ndiyo maana nimefuata njia ya Viggen, ndege ya kivita ya Sweden, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967: bawa la pembetatu, mabawa madogo mbele, na injini inayoweza kugeuza msukumo ili ndege isimame haraka. Ile ilibuniwa itumie hata barabara za kawaida, na kwa mazingira yetu ya kusini naona inafaa sana.

Kwenye mwendo mkubwa inatulia vizuri mno. Shida ni kutua. Nikishuka chini ya kilomita 300 kwa saa, nikivuta usukani kidogo tu pua inapanda na haikomi, hata nikisukuma mbele. Nahisi kitovu cha uzito kiko nyuma mno ya kitovu cha nguvu ya kunyanyua, maana injini ni nzito na iko mkiani.

Sasa, nikisogeze mbele kwa kuhamisha matangi ya mafuta, au nikiache hapo niandike mfumo wa kompyuta wa kuituliza, kama ule wa F-16, ndege ya kivita ya Marekani? Moyo wangu uko kwenye kompyuta, ila sijui nianzie kurekebisha kipi. Mwenye uzoefu na faili za JSBSim anisaidie tafadhali.