Napoleon apimwe kwa Austerlitz, au kwa sheria ya Mei 20, 1802?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Juzi kijiweni mwenzetu mmoja alisema Napoleon Bonaparte, yule mtawala wa Ufaransa, hakuwahi kushindwa na binadamu, alishindwa na baridi ya Urusi. Wengi wakaitikia. Mimi nilikataa, na naileta hoja hapa kwa sababu pale tulikatishwa na mvua.

Nianze kwa kumpa haki yake. Mtoto wa Ajaccio, kisiwani Corsica, aliyezaliwa Agosti 15, 1769, mwaka mmoja tu baada ya Genoa kuwaachia Wafaransa kisiwa hicho, hakuwa na ukoo wa kumbeba Paris. Alibebwa na mizinga. Alikuwa luteni akiwa na miaka 16. Mwaka 1793, pale Toulon, bandari ya kusini mwa Ufaransa, alishikilia kwamba ngome za juu ya ghuba zikitekwa, meli za Waingereza hazitaweza kukaa bandarini. Zikatekwa, Waingereza wakaondoka, naye akapewa ujenerali akiwa na miaka 24.

Na vita vya Austerlitz, Desemba 2, 1805, kwangu ndiyo kazi yake safi kuliko zote. Aliviacha vilima vya Pratzen kwa makusudi, akaufanya ubavu wake wa kulia uonekane dhaifu. Warusi na Waaustria wakateremka kuushambulia. Hapo askari wa jemadari wake Soult wakapanda kutoka kwenye ukungu wa asubuhi na kulipasua jeshi la adui katikati, huku ule ubavu "dhaifu" ukishikiliwa na watu wa jemadari mwingine, Davout, waliotembea zaidi ya kilomita 100 kwa siku mbili hivi kuwahi vita. Sifa hiyo simnyimi.

Sasa twende mahali ambapo vijiweni hatufiki. Februari 4, 1794, Bunge la Mapinduzi mjini Paris lilifuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Mei 20, 1802, Napoleon akiwa Konsuli wa Kwanza, yaani mkuu wa serikali, ikatoka sheria ya kuuendeleza utumwa katika makoloni yaliyorudishwa na Waingereza, kisiwa cha Martinique cha Karibi kikiwemo, pamoja na yale yaliyo ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema. Sheria hiyohiyo ikaruhusu watu weusi waendelee kununuliwa na kuingizwa makoloni kama ilivyokuwa kabla ya 1789.

Ndugu zangu wa pwani, hapo tusipite haraka. Ng'ambo ya Rasi maana yake ni visiwa vya Mauritius na Réunion, kwenye Bahari ya Hindi. Mashamba ya huko yalilimwa na watu waliochukuliwa Madagascar, Msumbiji na Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Amri ya 1794 ilipopelekwa Mauritius mwaka 1796, wenye mashamba waliwafukuza wajumbe walioileta. Napoleon akawapa sheria waliyoitaka. Mwaka 1806 Réunion ikapewa jina lake, kisiwa cha Bonaparte.

Huko Guadeloupe, koloni jingine la Karibi, ofisa wa jeshi la Ufaransa, Louis Delgrès, alikataa. Mei 28, 1802, alipozingirwa Matouba, alijilipua kwa baruti pamoja na wenzake wapatao 300. Saint-Domingue, koloni ambalo leo ni Haiti, alitumwa Jenerali Leclerc, shemeji yake Napoleon, na askari zaidi ya 20,000. Toussaint Louverture, kiongozi wa watu weusi wa huko, aliitwa kwenye mazungumzo, akakamatwa, akafungwa Fort de Joux kwenye milima ya Jura, akafia humo Aprili 7, 1803. Jenerali wake, Dessalines, aliendelea na vita, akawavunja Wafaransa kwenye vita vya Vertières Novemba 18, 1803, na Januari 1, 1804 akatangaza Haiti huru. Napoleon alikuwa bado hajavishwa taji la ukaizari.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: jeshi lake lilishindwa na binadamu, tena watu aliotaka kuwarudisha minyororoni, karibu miaka tisa kabla hajaiona Moscow.

Mchangiaji

Mkuu, heshima yako, lakini umechanganya mambo. Saint-Domingue yeye hakwenda, na kilichowamaliza askari ni homa ya manjano. Leclerc mwenyewe aliuawa na homa hiyo. Pili, unamhukumu mtu wa 1802 kwa vipimo vya leo, wakati dunia nzima ilikuwa na watumwa. Tatu, mwaka 1815, aliporudi kutoka uhamishoni kisiwani Elba, ni yeye aliyepiga marufuku biashara ya watumwa. Mbona hilo hukulitaja?

Mleta mada

Asante, mkuu. Nianze na hilo la tatu. Ni kweli, Machi 1815 aliipiga marufuku biashara. Utumwa wenyewe hakuugusa. Ufaransa iliufuta mwaka 1848.

Vipimo vya leo? Vipimo nilivyotumia ni vya Paris ya 1794. Wafaransa wenzake walikuwa wameshaamua, naye akageuza. Delgrès hakuwa mtu wa karne yetu. Mwaka 2021, miaka 200 tangu Napoleon afie uhamishoni kisiwani Saint Helena, Rais Macron wa Ufaransa aliweka shada kwenye kaburi lake pale Invalides, Paris, na siku hiyohiyo akasema kurudisha utumwa kulikuwa kuusaliti moyo wa zama za mwanga, yaani ile karne ya fikra za uhuru na akili. Naye hakuwa anaazima kipimo cha wageni.

Homa ndiyo hoja yako nzito. Februari 1802 Toussaint alimwandikia Dessalines kwamba wakati wakisubiri mvua ziwaondolee adui, silaha zao ni moto na uharibifu. Walijua msimu ule unaleta nini, wakaupanga ndani ya vita. Kutuzov, jemadari wa Urusi, alipowaachia Wafaransa Moscow na kungoja, tunamwita mwenye hekima. Dessalines akingoja mvua, tunasema ilikuwa bahati?

Na hiyo baridi yenyewe tuiangalie vizuri. Napoleon alivuka mto Niemen Juni 24, 1812 na zaidi ya watu 400,000. Alipoondoka Moscow Oktoba 19, kabla theluji haijashika, alibaki na kama 100,000. Baadhi aliwaacha njiani kulinda vituo, lakini maelfu kwa maelfu walikuwa wameshazikwa kwa joto la kiangazi, njaa, kuhara na homa ya chawa. Baridi ilikuta jeshi lililokwisha kuumia.

Kuhusu kutokwenda mwenyewe, nakubali kwamba Vertières si Waterloo, ambako mwaka 1815 alishindwa akiwa mwenyewe uwanjani. Lakini Leclerc aliondoka na maagizo ya siri ya Napoleon, yaliyopanga hatua kwa hatua namna ya kuwalaghai viongozi weusi, kisha kuwakamata na kuwasafirisha. Mpango ulikuwa wake, jeshi lilikuwa lake. Mwenye maelezo ya kijeshi ya kwa nini mpango huo ulivunjika, mbali na homa, ayalete tuendelee.