Mwavuli gani unahimili masika na upepo wa kwetu?

binti_bububu

Assalam alaykum jamani. Naomba msaada kabla masika hayajatukuta, nataka kununua mwavuli mmoja wa maana, sio hii unanunua leo kesho unautupa jaani. Mie natoka Bububu kila siku na gari ya 502, nikishuka nakata Mkunazini kwa miguu mpaka Shangani kazini, jioni narudi hivohivo, kwa hivo mwavuli kwangu ni wa mvua na wa jua pia, mana jua la saa nane kiangazi mnalijua wenyewe. Shida yangu ni pale unapotoka vichochoroni. Ndani huko umetulia huna habari, ukitokeza tu upande wa bahari upepo unauchukua kwa chini, vijiti vyote vinageukia juu na watu wa barazani wanakupigia makofi 😅

Nilonao sasa ni wa springi, ukibonyeza unafunguka wenyewe, maua maua, mzuri mashaallah, lakini vijiti vishatoa kutu na kutu yenyewe imenitia madoa kwenye mtandio mweupe na hayatoki. Sasa nauliza, nichukue ule mrefu wa mkono wa kupinda au huu wa kukunja unaoingia mkobani? Na ni kweli wenye vijiti vingi ndo imara? Pesa kidogo naweza kutoa ila musinitajie vitu vya kuagizia Dubai, nataka nikienda Darajani nikipate.

kusi_kali

Waalaykum salaam. Mrefu bibie, usihangaike. Mwavuli wa kukunja mara tatu kila kijiti kina maungo matatu na kila ungo ni pahala pa kuvunjika, ule mrefu kijiti ni kimoja moja kwa moja. Hesabu rahisi tu hiyo. Na wa kufungua kwa mkono, springi achana nayo, ikilegea huna mwavuli una fimbo.

shangani_mtupu

Kusi_kali weye unakaa wapi? Mrefu sawa lakini asije akachukua ile mikubwa ya gofu, ile ukiifungua inafika kama sentimita 120 au zaidi, ndani ya Mji Mkongwe utapita nayo wapi, mukikutana na pikipiki kichochoroni mmoja wenu arudi nyuma. Mie nishamuona mtalii kakwama na yake baina ya ukuta na baraza ya watu, mvua inampiga na mwavuli anao.

duka_mchangani

Naomba nichangie kwa urefu kidogo mana hii ndo kazi yangu, nauza miavuli na mabegi, na sitaji duka langu ili musije mukasema natangaza.

Watu wakija dukani wanatazama kitambaa na rangi. Kitambaa sio kinachokufa mwanzo! Kinachokufa ni vijiti na yale maungo yake. Kwa huku kwetu pwani mimi namwambia mteja kitu kimoja, tafuta vijiti vya faibaglasi. Chuma kikipigwa na upepo kinapinda na kikishapinda ndo basi, hata ukikinyoosha pale pale patapinda tena, na hewa ya chumvi inakila siku zote hata mwavuli ukiwa umetundikwa nyumbani. Alumini haishiki kutu kama chuma lakini ni laini, inapinda upesi. Faibaglasi inakubali kupinda na inarudi, upepo ukiugeuza mwavuli unaufunga tu, unaufungua tena, unaendelea na safari.

Sasa hapa ndo pana ujanja. Miavuli mingi ya kukunja utaambiwa ni faibaglasi, kumbe ni ile sehemu ya mwisho tu huku pembeni, zile za ndani karibu na mti ni chuma kilichopakwa rangi nyeusi ili zifanane. Mie nina kipande cha sumaku nilikitoa kwenye spika mbovu, mteja akibisha nampa apitishe mwenyewe kijiti kizima kuanzia ndani mpaka nje. Ikinasa ni chuma, hakuna mjadala. Hata bila ya sumaku unaweza kujua, chuma kile kimekunjwa, ukikigeuza chini utaona kiko wazi ndani, na faibaglasi ni kijiti cha duara kilichojaa, ukikigonga kwa ukucha hakilii.

Ukishaona hivo shika mti wake, utikise. Kichwa kikicheza cheza rudisha. Angalia na vile vikofia vya ncha za vijiti, vilivyoshonwa kwa uzi mara mbili tatu vinakaa, vilivyochomekwa tu vinachomoka siku ya mwanzo na kitambaa kinaanza kupepea upande mmoja.

Kuhusu vijiti vingi: wengi wanakuja na hilo. Vinane ndo vya kawaida, iko ya kumi, ya kumi na sita, na ya ishirini na nne. Vinane vya faibaglasi nene ni bora kuliko kumi na sita vya bati jembamba. Ile ya 24 nzito mikononi na wengi wanainunua kwa sura tu.

mzee_wa_baraza

Duka_mchangani kasema kweli, ila tusikitukane sana chuma. Huo mkunjo wa kijiti anaousema ni ufundi wa Muingereza mmoja Samuel Fox, mwaka 1852, kabla yake huko Ulaya vijiti vilikuwa vya zile nyuzi ngumu za kinywani mwa nyangumi, vizito na vikilowa havina maana. Yeye akakunja chuma chembamba kikawa chepesi na kina nguvu. Tatizo la sasa ni kuwa chuma kimekonda mpaka kimekuwa karatasi. Miavuli ya zamani ya mti, ile nyeusi ya wazee, ilikuwa inapelekwa kwa fundi ikatiwa kijiti kipya ikaendelea na maisha, sasa hivi fundi mwenyewe akikiona anakurudishia, anakwambia kanunue mwengine.

mpemba_wa_wete

Nyie wa Unguja mvua mnaisikia tu, Pemba ndo kwake 😂 Huku kwetu vilima, njia zinateleza, mkono mmoja una mzigo, mwavuli wa nini? Nunua koti la mvua na viatu vya mpira. Mwavuli mie naupeleka harusini.

binti_bububu

Mpemba nimecheka jamani 😂 koti nalivaa juu ya buibui na jua la kwetu? Ntachemka humo humo ndani.

Duka_mchangani ahsante sana, Mungu akuzidishie. Nina masuali mawili. Ile ya tabaka mbili juu, yenye mwanya wa kupitisha upepo, ina kazi au urembo? Na ya jua, ile ya fedha ndani na ile nyeusi ndani ipi bora?

duka_mchangani

Tabaka mbili ina kazi, tena kwa hapo unapotokeza baharini ingekufaa. Upepo unaoingia chini unatokea juu kwenye mwanya badala ya kuusukuma mwavuli mzima. Ila angalia mwanya wenyewe, tabaka la juu lipande vizuri juu ya la chini na lishonwe kwa vipande vipande. Ziko zilizoshonwa duara zima, mwanya hakuna, hiyo ni urembo uliosema. Na kila kitambaa kinavyozidi uzito unazidi, sasa weye una mkoba na mwendo, pima.

Ya jua, nyeusi kwa ndani inayapumzisha macho zaidi, haikupigi mwanga unaoruka kutoka chini kwenye saruji. Ya fedha nzuri pia lakini ukiikunja na maji mara kwa mara ile rangi inabanduka inakuangukia mabegani.

kusi_kali

Mimi nasimama na mrefu wangu.

dada_wa_mpendae

Mnasahau kitu chengine, kuutunza. Watu wanaufunga na maji, wanautia kwenye mfuko wa plastiki mpaka kesho, kisha wanalalamika kutu na harufu. Ukifika kazini ufungue nusu, uuweke pembeni ukauke, na kila baada ya muda usuuze kwa maji ya mfereji utoe chumvi, ukikauka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ungo. Wangu ni wa kukunja mara mbili, sio mrefu sio mfupi, umeshapita masika na vuli na bado unafunguka. Na ukitokeza upepo unakotoka usiusimamishe juu, uinamishe mbele yako uwe kama ngao, uteremke mpaka karibu na kichwa.

binti_bububu

Wa mara mbili! Huo sikuufikiria kabisa, unaingia mkobani?

dada_wa_mpendae

Kichwa kinatokeza nje kidogo, lakini unaingia.

duka_mchangani

Na maungo ni mawili sio matatu, kusi_kali nae apumue. Mie ninayo ya mara mbili, vijiti vinane vyote faibaglasi, ya kufungua kwa mkono, nyeusi na ya buluu ya kiza. Maua hamna. Ukija njoo na sumaku yako.

binti_bububu

Jumamosi baada ya adhuhuri inshaallah nazunguka Mchangani, ntakaposikia mtu anagonga vijiti kwa ukucha ntajua ndo weye 😄